Mheshimiwa Hana Makuu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sijawahi kuogopa kusema jambo nililoruhusiwa kulisema. Siitaji kwa sababu ni nchi yenye haya, haipendi kutajwatajwa. Inatosha mjue kwamba ipo, kwamba ina ng'ombe, na kwamba kwa miaka kumi na minne nimekuwa karani wa mihtasari katika Wizara yake ya Mbegu Bora na Heshima ya Taifa. Kila neno lililosemwa wizarani nimeliandika mimi, isipokuwa yale niliyoambiwa nisiyaandike.

Wizara yetu ina Idara ya Utafiti. Idara hiyo ni kitabu kimoja cha methali chenye jalada jekundu, na mkurugenzi wake ndiye anayeshika ufunguo wa kabati. Nchi nyingine zinajenga maabara na kungoja majibu miaka nenda miaka rudi. Sisi wazee wetu walishamaliza utafiti wote zamani, kazi iliyobaki ni kufungua ukurasa.

Siku hizo ng'ombe wetu walikuwa wengi, wadogo, na wenye kuzaa ovyo. Mtu akitaka ndama alimswaga ng'ombe wake hadi kwa jirani mwenye dume, akatoa debe la mahindi, na shughuli ikaisha kabla chai haijapoa. Mtukufu Rais alikuwa ametoka ziarani nchi ya baridi, na huko alionyeshwa dume la mbegu lenye daktari wake na picha yake ukutani. Akamuuliza Waziri Kashoro, ambaye ndiye mkubwa wangu, dume wetu wa ghali kuliko wote anagharimu nini. Waziri akasema debe la mahindi. Mtukufu akageukia dirisha mpaka gari likaingia ikulu, na sisi tuliokuwa gari la nyuma tuliona aibu ile hata kupitia kisogo chake.

Wiki ile ile tukatumwa kununua.

*

Ujumbe ulikuwa wa watu thelathini na mmoja, wakiwamo wake za wajumbe, fundi cherehani wa Waziri, na mimi na daftari langu. Bwana mifugo hakuwamo, maana nafasi zilijaa.

Mfugaji tuliyefikia alikuwa mzee mwenye viatu vya matope. Alituletea madume wanane, mmoja mmoja, akitaja bei zao. Waziri alitikisa kichwa kwa kila mmoja, kwa sababu bei zilikuwa nafuu na yeye hakusafiri bara zima kufuata unafuu. Akauliza kama hakuna wa ghali zaidi. Mzee akasema hao ndio wazuri alionao. Waziri akanong'ona kwamba mtu huyu hajui biashara.

Ndipo tukamwona. Mwisho wa uwanja alisimama mnyama mweupe, mkubwa kama duka, na watoto watatu wamekaa mgongoni mwake wanakula mkate. Waziri akamnyooshea kidole. Mzee akacheka, akasema yule hauzwi, ni wa watoto.

Ujumbe mzima ukatazamana. Kila mmoja wetu alielewa kwamba kitu kisichouzwa ndicho chenye bei ya kweli. Tukambembeleza mpaka jua likageuka, na mwishowe mzee akataja kiasi ambacho mtu hukitaja ili mgeni achukue kofia yake aende zake. Waziri akaongeza asilimia kumi, ili kesho na keshokutwa wasije wakasema tulipata kwa bei ya kutupa.

 Mzee, kwa kuwa alikuwa mwaminifu, akamwita mkalimani, akaanza kumweleza kwa kirefu, huku anaonyesha chini ya tumbo la yule mnyama na kukutanisha mikono yake miwili kama mtu anayebana kitu kwa koleo. Mkalimani alikuwa kijana wetu aliyesomea huko, mtoto wa watu, aliyelelewa akaleleka. Mbele yake alisimama Waziri, na pembeni ya Waziri mke wa Waziri. Mambo ya chini ya kitovu angeyatamkaje? Akainamisha uso, akatafuta neno la adabu kwa muda mrefu, akalipata.

"Mheshimiwa," akasema, "anasema huyu hana makuu."

Waziri alifurahi sana. Alisema wakubwa wote wa kweli ndivyo walivyo. Nami nikaandika katika muhtasari: hana makuu.

Bei yenyewe ilikuwa sawa na bajeti ya dawa za hospitali zetu zote kwa mwaka mmoja na nusu. Wapo waliolalamika. Lakini tufikiri kiutu uzima: dawa huliwa zikaisha, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi huisha pia, ilhali dume hubaki na kila mtu akamwona.

*

Alipotua uwanja wa ndege palizuka suala la itifaki. Mnyama mwenye bei kuliko mishahara ya Bunge zima haitwi "we ng'ombe". Akapewa cheo cha Mheshimiwa. Na kwa kuwa Mama wa Taifa ndiye angempokea kwa maua, na si vizuri Mama wa Taifa aone yasiyomhusu, fundi cherehani alikuwa amemshonea Mheshimiwa joho la mahameli ya buluu lililofika hadi magotini. Kuchungulia chini ya vazi la Mheshimiwa kulikuwa kosa la jinai tangu zamani. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mawaziri, haikuhitaji hata nukta mpya.

Bwana mifugo wetu aliitwa Ndegeya, mtu mkavu, mwenye harufu ya dawa ya kupe. Yeye alisema dume hununuliwa kwa kutazamwa nyuma, si mbele. Tulimvumilia. Kazi yake ilikuwa kujaza kila Ijumaa fomu yenye swali moja: Je, Mheshimiwa amepanda? Waliletwa ng'ombe majike kumi na wawili, wameogeshwa na kupakwa mafuta. Mheshimiwa aliwanusa mmoja mmoja kama anayepokea wageni msibani, akarudi kula majani. Ijumaa ya kwanza Ndegeya akaandika: Hajapanda. Ya pili: Hajapanda. Miezi mitatu mtu anaandika neno moja, hana hata mpango wa kujiendeleza.

Siku moja akaingia ofisini kwa Waziri bila miadi. Nilikuwapo, kalamu mkononi.

"Mheshimiwa Waziri, yule ni maksai. Amehasiwa tangu utotoni."

"Umejuaje?"

"Nimechungulia."

Waziri akanigeukia. "Karani, andika kwamba amekiri."

Ndegeya alifungwa miaka saba. Huko gerezani wamempa kazi ya kutunza sungura, ambao nasikia wanazaliana bila kibali. Nafasi yake akapewa mpwa wa Waziri, kijana aliyesomea hoteli, na Ijumaa iliyofuata fomu ikajazwa kwa lugha pana zaidi. Je, Mheshimiwa amepanda? Ndiyo. Amepanda ndege, amepanda jukwaa mara mbili, amepanda cheo, na bei yake sokoni imepanda pia. Tukapiga makofi. Tatizo la Ndegeya halikuwa ng'ombe, lilikuwa msamiati.

*

Hata hivyo, mbunge mmoja wa pembezoni akasimama bungeni kuuliza kama bei ile ilikuwa halali, ilhali mwananchi anapata ndama kwa debe la mahindi.

Waziri Kashoro alisimama akakoroga maji kwenye glasi, ingawa hayakuwa na sukari. Alisema anamshukuru sana mheshimiwa kwa kugusa kidonda penyewe. Kweli, alisema, bei ile haiwezi kuonekana halali maadamu ipo njia nyingine ya kupata ndama. Kosa kubwa kabisa! Akaomba kitabu chekundu kiletwe. Akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma: ng'ombe wa maskini hazai. Huo, alisema, ni utafiti wa mababu, na maana yake ni kwamba madume ya maskini yanafanya kazi ambayo kisayansi hayawezi kuifanya, jambo linaloitwa udanganyifu. Akafungua ukurasa mwingine, akasoma: mafahali wawili hawakai zizi moja. Nchi ni zizi moja. Fahali tunaye. Hao wengine ni nani?

Sheria ya Fahali Mmoja ilipita kwa kauli moja. Mbunge muulizaji aliomba radhi na kushukuru kwa majibu mazuri, na madume wake wakawa wa kwanza kuhasiwa. Vikosi vilivyobeba koleo vikaingia vijijini, nyumba kwa nyumba. Nililia kidogo nilipoandika takwimu, kwa kuwa sijawahi kuona wizara yetu ikimaliza kazi kabla ya muda. Katika miezi miwili bei ya Mheshimiwa ikawa halali kabisa, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuilinganisha nacho.

Mwaka wa pili ng'ombe walikauka. Asiyezaa hatoi maziwa. Hilo halimo kwenye kitabu chekundu, kwa hiyo lilitushtua. Watu wakarudi kwenye chai ya rangi, ambayo ni nzuri kwa mapafu. Watoto wa vijijini wakakonda, na mama zao wakakiri wenyewe kwamba sasa ni wepesi kubeba.

Katikati ya hali hiyo ikaja habari ya furaha. Katika kijiji kimoja kiitwacho Ilagaja, mwendo wa siku mbili kutoka mji mkuu, walikuwa wamezaliwa ndama kumi na mmoja, wa kwanza nchi nzima kwa muda wa mwaka. Tulisherehekea mpaka sauti zikakauka. Mpwa wa Waziri, kwa ujana wake, aliuliza Mheshimiwa amezalishaje ng'ombe wa mbali vile na yeye hajatoka bandani. Waziri akamweleza kwa upole kwamba mbegu ya bei ile haihitaji kugusa.

Ikaamuliwa pafanyike Sherehe ya Ndama, na mwenye ndama wa kwanza, mjane mmoja jina lake Nyamizi, aletwe ahutubie taifa kuhusu uhalali wa bei. Nikatumwa mimi kumchukua, kwa gari la Waziri.

*

Nilimkuta bibi kizee mwembamba anasukasuka kibuyu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa au umepotea?"

Nikamwambia nimetumwa. Akanikaribisha kigoda, akanimiminia maziwa mgando, na naungama kwamba machozi yalinitoka, maana nilikuwa na mwaka sijaonja. Watoto wa kijiji kile walikuwa wengi na wana mashavu. Walikuja na vikombe vyao, wakamiminiwa, wakaenda, wakaja wengine. Bibi hakumdai mtu. Alisema kila mama wa Ilagaja anajua saa ya mwanawe.

Nyuma ya nyumba nikamwona dume mwekundu, mfupi, mwenye nundu, amefungwa kitenge kiunoni. Nikauliza ni nani yule. Bibi Nyamizi akanitazama sana.

"Huyo ni Ndururu," akasema. "Alizaliwa hapa hapa, sikumnunua. Ndiye baba wa hao kumi na mmoja. Wale wa koleo walimkuta amevaa kitenge changu, wakadhani naye ana cheo, wakapiga saluti wakaondoka. Nakwambia kwa sababu umekunywa kwangu. Hawa watoto wote wanaishi kwa mgongo wake. Usimwambie mtu kwamba ni dume."

Nikaapa kwa kaburi la mama. Mimi ni mtu wa kutunza siri, kazi yangu ndiyo hiyo.

Njia nzima alikaa kwenye kiti cha nyuma ameshikilia mlango kwa mikono miwili. Aliniuliza mara moja tu kama sherehe itachukua siku nyingi, kwa kuwa amemwacha Ndururu na jirani asiyejua kumfunga vizuri.

*

Tulipofika, wizara ilikuwa katika mtihani. Fungu la nyama ya sherehe lilikuwa limeshatumika kununua joho jipya la Mheshimiwa, la dhahabu. Wageni mia nne wanakuja, na hakuna kitoweo. Waziri alisema anahitajika mnyama asiye na bei, kwa kuwa mwenye bei lazima apitie zabuni. Kisheria, thamani ya mnyama ni ile aliyonunuliwa nayo. Ambaye hakununuliwa hana thamani, na asiye na thamani anaweza kuliwa bila vikao. Akauliza nani anamjua mnyama wa namna hiyo. Wakubwa wote wakainama wakawaza.

Mimi sikukaa kimya. Miaka kumi na minne nimeandika mawazo ya watu, sikuwahi hata siku moja kuwa na la kwangu. Nikanyoosha mkono.

Sikusema kwamba ni dume. Niliapa sitasema, na sikusema. Nilisema Ilagaja kuna kitoweo kimefungwa kitenge.

Lori liliondoka dakika ile ile. Waziri alinishika bega mbele ya watu wote, nami nikajisikia mtu miongoni mwa watu.

Sherehe ilifana. Mheshimiwa alisimamishwa jukwaani katika joho la dhahabu, akala shada la maua la balozi mmoja. Bibi Nyamizi aliketishwa meza ya mbele kati ya Waziri na Mama wa Taifa, na alikuwa amepewa viatu vipya vinavyombana. Nyama ilipoletwa, mpishi mkuu akaja mwenyewe na sahani iliyofunikwa. Kwetu, korodani za mnyama wa shughuli hupewa mkubwa wa shughuli, na kwa mwaka mzima Waziri alikuwa anapakuliwa mapupu, maana wanyama wote wa nchi walishahasiwa. Mpishi akafunua, akatangaza kwa fahari kwamba wamepata bahati: mnyama alikuja amevaa kitenge cha njano chenye tausi, na walipokivua wakakuta vitu vyake vyote vipo.

Waziri akala zote mbili. Alisema laini kama maini ya kuku.

Bibi Nyamizi alikuwa ameshika mfupa mkononi. Aliuweka chini taratibu, akajifuta vidole kwenye kanga yake kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hakulia. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari, nikaona shingo yake inatetemeka, nikadhani ni baridi ya feni.

Ndipo akaitwa kwenye kipaza sauti aeleze kama bei ya Mheshimiwa ilikuwa halali. Akasimama. Hakutazama umati, alimtazama Waziri.

"Tulikuwa na dume mmoja," akasema. "Umemla."

 Nilisikia hata Mheshimiwa akicheua. Halafu Waziri akaangua kicheko, akapiga meza, akasema huyu bibi kumbe mtani wetu, watu wa kwao ndivyo walivyo, hawaachi utani hata mbele ya serikali. Watu mia nne wakacheka kwa nafuu. Mama wa Taifa alicheka mpaka akaombwa leso. Bibi aliendelea kusimama pale, anangoja wamalize, wala hawakumaliza. Katika muhtasari nikaandika: mgeni wa heshima alitoa utani.

*

Kati ya wale ndama kumi na mmoja, wanne walikuwa madume. Walihasiwa juma hilo hilo, kwa kuwa sheria haibagui umri. Kamati ya Uhalali wa Bei imetoa ripoti yake pia. Imegundua kwamba kasoro moja tu ilifanyika: tulilipa kidogo. Ujumbe mwingine unaondoka mwezi ujao kumtafutia Mheshimiwa mwenzake kwa bei maradufu, na safari hii nimepewa kiti cha dirishani.

Limebaki jambo dogo la Ilagaja. Miezi imepita, na ng'ombe wa huko maziwa yamekata na wameingia joto, wanalia kutwa wakitafuta dume. Mtendaji wa kijiji alituandikia barua, kwa mwandiko mbaya, kwamba ng'ombe wanalia joto na watoto wanalia njaa, Bibi Nyamizi anapita nyumba hadi nyumba na kibuyu kitupu anaomba msamaha, na yeye mtendaji anaomba mwongozo ni kilio kipi kishughulikiwe kwanza.

Waziri aliipa barua hiyo nusu saa nzima. Akaelekeza ng'ombe wanyamazishwe, kwa sababu kelele za majike zinaweza kumvunjia heshima Mheshimiwa mbele ya wageni wa nje. Kuhusu watoto hakuona haja ya hatua yoyote. Alisema watoto watanyamaza wenyewe.

Jana imefika barua ya pili ya mtendaji. Waziri alisema kweli.